Mwenye Goli Anasimulia Mwenyewe

Katika mamlaka ya maji ya mji wao, ofisi ya uhusiano ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, kati ya stoo na choo, na wageni wengi waliifikia kwa sababu walikuwa wanatafuta choo. Aliyekaa humo alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikono ikakaribia kusimama yenyewe. Kazini walimwita Msemaji. Nyumbani, alikokaa na mama yake, aliitwa Kaka, kwa kuwa ndugu yake alikuwa mmoja tu, naye ni mdogo wake wa kike. Mtaani walikuwa wamempa jina jingine hivi karibuni, na hilo ndilo lililomfanya aanze kupita njia za uani kama mwizi wa kuku.

Mambo yalianzia bombani. Asubuhi moja watu walifungua mabomba wakakuta maji ya kahawia, mfano wa chai iliyosahauliwa jikoni. Simu za ofisi zikalia kama vyura baada ya mvua. Msemaji akafanya kile alichokuwa akikifanya miaka yote: akavaa koti, akaenda redioni kuzuia. Hiyo ndiyo ilikuwa imani yake kuhusu kazi. Msemaji, alipenda kuwaambia vijana waliokuja ofisini kujifunza, ni mlinda mlango wa taasisi. Maswali yanapigwa, yeye anapangua. Likipita moja, ni msiba. Alikuwa amepangua mengi maishani: ya mitaro iliyoachwa wazi, ya maji yaliyokatika siku ya sikukuu, na hata moja la chura aliyetoka bombani mzima, mwenye afya zake, ambalo alilijibu kwa kusema kwamba chura hakai kwenye maji machafu.

Kwa hiyo mtangazaji alipomuuliza kama maji yale ni salama, Msemaji hakumeza hata mate.

"Wananchi wasiwe na hofu," alisema. "Maji ni salama. Ni rangi tu."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wao walisema hayo kabla ya kuwepo redio. Jua halijafika utosini, maneno yale yalikuwa yameshazunguka mji mzima na kurudi. Muuza ndizi sokoni alimwambia mteja aliyezikataa ndizi zilizopiga weusi: ni rangi tu. Mtoto aliyechafua sare ya shule alimjibu mama yake vivyo hivyo, akapigwa, lakini mama naye alikuwa anacheka. Hata mama mzazi wa Msemaji, siku alipounguza chakula cha jioni, alimpakulia mwanawe sahani iliyojaa, akamsihi ale asiogope, kisha akamalizia kwa maneno yale yale, huku akitazama pembeni kwa heshima. Kufikia mwisho wa juma hakuna mtu mtaani aliyemwita kwa jina lake tena. Alikuwa Rangi Tu.

Angeweza kulivumilia jina. Kilichomkata maini ni majibu ya maabara, yaliyotoka baada ya yeye kuwa amekwisha sema. Maji yalikuwa na kutu na tope, na hayakufaa kunywewa bila kuchemshwa. Mkurugenzi alimwita ofisini. Alikuwa mtu mfupi ambaye hasira yake ilikwenda kwenye tai. Alivyozidi kukasirika ndivyo alivyozidi kuivuta, mpaka siku mbaya tai ikawa inamfika karibu na sikio. Siku hiyo ilikuwa imefika begani. Alimweleza Msemaji kwamba bodi imechoka. Kuna kampuni ya nje, watu wa suti za kubana na viatu vyenye ncha, iko tayari kuichukua kazi yote ya kusema. Msemaji atahamia stoo, kutunza mita mbovu. Ila kuna mkutano wa wakazi siku ya Jumamosi kwenye ukumbi wa mji, na wale wa suti hawawezi kuujibu kwa sababu hawajasaini bado. Watakuja kutazama tu.

"Ukitoka salama Jumamosi, tutaongea," Mkurugenzi alisema. "Ukitoka vibaya, Jumatatu beba kikombe chako cha chai, upite mlango wa pili."

Mlango wa pili ulikuwa wa stoo. Msemaji alipotoka aliutazama. Ulikuwa na kufuli lenye kutu.

Nyumbani alimkuta mdogo wake amejilaza kwenye kochi, mkono wa kushoto umewekwa juu ya mto kama malkia anayesubiri kubusiwa. Huyo ndiye Komeo. Jina lake la ubatizo lilikuwa refu na zuri, lakini tangu alipoanza kulinda lango la timu ya taifa ya wanawake, mashabiki walimpa hilo, kwa kuwa likifungwa halifunguki. Yeye mwenyewe alilikubali bila kujivunga. Komeo hakuwa na ugonjwa wa unyenyekevu. Alikuwa ameumia kidole kambini na kurudishwa nyumbani kupona, na kazi yake kubwa ilikuwa kumtuma mama yake vitu vilivyokuwa karibu naye.

Siku hiyo alikuwa anatazama kwenye simu mechi waliyofungwa vibaya. Si mechi nzima. Magoli tu, yale aliyofungwa yeye. Anatazama, anarudisha nyuma, anatazama tena, anacheka.

"Unafurahia nini hapo?" Msemaji alimuuliza. "Hapo si ulidanganywa mpaka ukalala kama gunia?"

"Ndiyo nilivyolala. Tazama, Kaka. Mpira umeenda kule, mimi nimeenda kuwasalimia majirani."

Msemaji alidhani dawa za maumivu zimempanda kichwani. Komeo akamwelezea. Timu yao ilikuwa na desturi ambayo kocha aliianzisha na wachezaji wakaichukia kwanza, kisha wakashindwa kuiacha. Baada ya kila mechi, washinde wasishinde, wanakaa chumbani mbele ya picha. Kila goli lina mwenyewe, na mwenye goli anasimama kulisimulia. Anaanza na mimi. Haruhusiwi kumtaja mwenzake. Haruhusiwi kutaja mvua, refa, wala uwanja mbovu. Hakuna wa kumkatisha. Akimaliza anakaa, wenzake wanacheka mara moja, na wakitoka mlangoni ni mwiko kulitaja tena.

"Goli ulilolisimulia limekufa," Komeo alisema. "Usipolisimulia, linakufuata mechi ijayo. Linakaa nyuma ya goti."

Msemaji akaona upenyo wa kujisifu kidogo, maana juma zima hakuwa ameupata. Akasema kwamba hata yeye ni kipa kwa namna yake, na kwamba yale ya redioni yalikuwa ajali ya kazi. Komeo aliiweka simu kifuani.

"Wewe si kipa, Kaka. Wewe ni nguzo ya goli. Umesimama palepale, mpira ukikugonga unasema umedaka."

Mama alicheka kutoka jikoni, ambako hakuna aliyejua kuwa anasikiliza. Msemaji alinuna, lakini hakuondoka, kwa kuwa mtu anayekwenda stoo hana haraka ya kwenda popote. Komeo akaendelea kumpa za uso. Kipa anayedaka sana, alisema, ana matatizo na mabeki wake. Kipa wa kweli anafanya kazi yake mpira ukiwa bado kwa adui: anapiga kelele, anawapanga, anauliza nani yuko na nani. Yeye akimaliza mechi, koo linamuuma kuliko mikono.

"Kabla hujaenda redioni uliongea na beki gani?"

Alikuwa ameongea na mtu, ndiyo. Alikutana na Mhandisi wa mamlaka kwenye ngazi asubuhi ile. Mhandisi alikuwa anashuka mbio, kofia ngumu mkononi, viatu vina tope, naye Msemaji anapanda. Aliuliza kuna nini. Mhandisi alijibu bila kusimama, juu ya bega: nadhani ni rangi tu, tunaangalia. Msemaji aliyachukua maneno ya katikati. Ile nadhani aliiacha kwenye ngazi upande huu, na ile tunaangalia akaiacha upande ule, kisha akaenda kuuambia mji.

Lakini hayo hakumwambia Komeo yote. Alimwambia kipande kimoja tu, kwamba maneno yalikuwa ya Mhandisi. Na kwa kuwa alikisema kwa sauti, akagundua kuwa kipande hicho ni kizuri. Kilikuwa kizuri mno. Jumamosi angeweza kusimama mbele ya watu akasema: nilichosema niliambiwa na mtaalamu. Kingekuwa kweli, kingekuwa kifupi, na Mhandisi ndiye ambaye angebeba kikombe kwenda stoo.

Komeo alijitangaza kuwa kocha, na kuanzia kesho yake nyumba ikageuka kambi. Ni vyema kusema wazi kwamba nusu ya mafunzo hayakuwa na faida yoyote kwa binadamu. Alimrukisha kaka yake kamba uani kabla ya kazi, mbele ya majirani walioegemea ukuta na kumhesabia. Alimlazimisha kulala mchana. Alimfundisha kupaza sauti ile ambayo makipa huitoa wanapoufuata mpira wa juu ili mabeki wapishe: "Yangu!" Alimwambia itampa ujasiri.

Msemaji alikwenda kuijaribu kwenye kikao cha wakuu wa idara. Mkurugenzi aliuliza ni nani atakayeandika tangazo la kuwaambia watu wachemshe maji. Msemaji akapiga kelele ya kipa kwa nguvu zake zote. Mama wa chai alishtuka akaimiminia chai sahani ya mhasibu, na tai ya Mkurugenzi ikapanda yenyewe bila kuvutwa. Tangazo alilipata. Alipata pia kutafuta viti vya ukumbini, kukodi spika, na kazi nyingine zote ambazo zilikuwa zinatangatanga ofisini bila mwenyewe, kwa maana watu walishaona kuwa kuna mtu anazitaka.

Nusu nyingine ya mafunzo ndiyo iliyomwingia. Komeo alimwambia kwamba kabla ya penalti yeye huwa ameshamsoma mpigaji: anapenda upande gani, anatazama wapi, mguu wa pili anauweka vipi. Basi wakakaa kuwasoma wapigaji wa Jumamosi. Aliyeogopewa kuliko wote alikuwa mwandishi mmoja wa gazeti, mzee wa maswali matatu kwa pumzi moja. Wakamtengenezea majibu. Mama alipewa mwiko wa kupikia ushike nafasi ya kipaza sauti, akawa mwandishi, na haikuchukua muda kuonekana kuwa mama huyo alikosea maisha kwa kutokuwa mwandishi kweli.

"Bwana Rangi Tu," alianza, na mwanawe alipolalamika akajibu kuwa kazini hakuna mama. "Maji haya yameharibiwa na nani?"

"Kwa mujibu wa mtaalamu wetu..."

Komeo akapuliza filimbi. "Umemtaja mwenzako."

"Lakini ni kweli."

"Sikusema ni uongo. Nimesema umemtaja. Anza tena."

Walianza tena mpaka chakula kikapoa. Kila njia Msemaji aliyoipita, alijikuta mwisho wake amesimama Mhandisi. Filimbi ikalia mpaka jirani akauliza kama kuna mechi. Mwishowe Msemaji akapandwa na hasira. Alimwambia mdogo wake kwamba uwanjani ni mchezo, ukifungwa unarudi kambini kula. Yeye akifungwa anakwenda kutunza mita mbovu mpaka astaafu. Komeo hakumjibu kwa mzaha. Alimwambia kwamba mwezi uliopita aliambiwa kuna kipa mwingine, mdogo, mrefu, anaandaliwa kuchukua nafasi yake, na kidole hiki kikichelewa kupona, basi ndiyo hivyo.

"Fanya unavyotaka, Kaka," alisema. "Ila mabeki wana masikio. Ukiwauza mara moja, kesho ukipiga kelele, hakuna anayegeuka."

Ijumaa Msemaji alikwenda kumtafuta Mhandisi. Hawakuwa marafiki. Mhandisi alikuwa mtu mkubwa, mwenye maneno ya mgao: yanatoka kidogo, kwa zamu, na siku nyingine hayatoki kabisa. Alimkuta kwenye kibanda cha valvu nyuma ya matangi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alipomwona Msemaji alisimama kama mtu anayesomewa hukumu.

Msemaji alimwomba amwelezee maji yamekuwaje ya kahawia, kama anavyomwelezea mtu asiyejua kitu. Mhandisi alimtazama usoni kuona kama anamtania, kisha akaeleza. Laini mpya ilikuwa imeunganishwa na mabomba ya zamani. Mabomba ya zamani yana kutu iliyolala ndani miaka mingi. Ukifungua maji polepole, kutu inaendelea kulala. Ukifungua kwa nguvu, inaamka yote.

"Na safari hii?"

"Ilifunguliwa kwa nguvu," Mhandisi alisema, akiitazama valvu kana kwamba imejifungua yenyewe.

Msemaji hakuuliza zaidi. Aliuliza tu mabomba yatasafika lini. Mhandisi alisema wanayasafisha mtaa kwa mtaa, na kwamba hajui. Akasita, kisha akauliza, kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, kesho pale ukumbini itasemwa nini.

Msemaji alisema bado hajajua. Na hapo alikuwa anasema kweli tupu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya redioni.

Ukumbi ulijaa mapema. Viti vya plastiki alivyovitafuta Msemaji havikutosha, na waliosimama walimlaumu yeye kwa hilo pia. Mezani, mbele ya vipaza sauti, wakazi walikuwa wamempangia zawadi: chupa za maji ya kahawia, kutoka kila mtaa, kila moja na ukolezi wake. Mkurugenzi alikaa mstari wa mbele. Wale wa suti za kubana walisimama nyuma kabisa, wakiinua viatu vyao kila mtu alipopita na ndoo. Mhandisi alikaa kwenye ncha ya meza, anatazama viatu vyake. Alikuwa ameviosha.

Msemaji alimtafuta kwa macho mwandishi wa gazeti. Alimwona. Alikuwa ameshajiandaa kwa ajili yake, ameshaegemea upande atakaopigia. Na mwandishi yule, siku hiyo, hakuuliza kitu. Alikuja akakaa, akala karanga. Aliyenyanyuka alikuwa msusi mmoja, mwanamke wa makamo mwenye kitana kimebaki nyweleni, ambaye hakuna aliyemsoma.

Msusi alisema kwamba siku ile alikuwa anamwosha nywele bibi harusi. Maji yakatoka vile. Bibi harusi akataka kuondoka. Yeye akamtuliza, akamwambia asiwe na wasiwasi, amesikia redioni sasa hivi kwamba ni rangi tu. Nguo nyeupe ilikuwa imetundikwa karibu na sinki.

Ukumbi ukaguna. Wachache walicheka, wakajizuia.

"Mimi nilikuamini wewe, nikamwambia mtu mwingine," msusi alisema. "Sasa nataka kujua. Nani alikwambia wewe kwamba maji ni salama?"

Mpira wenyewe ulikuwa umewekwa hapo, na lango lilikuwa wazi upande mmoja. Msemaji aliona kila kitu kwa pamoja: Mkurugenzi ameshika tai, wale wa suti wamenyoosha shingo, Mhandisi amefumba macho kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Alifungua mdomo. Maneno ya kwanza yaliyomjia yalikuwa kwa mujibu wa. Aliyameza, yakashuka kwa shida.

"Mimi," alisema, kisha akaanza tena. "Mimi nilikwenda redioni kabla sijamuuliza mtu akanijibu akiwa amesimama. Mimi sikuenda maabara. Nilipata neno la kukisia, nikalifanya la hakika, kwa sababu la hakika linasikika vizuri redioni. Mimi ndiye niliyekwambia dada yangu kwamba maji ni salama. Sikuwa najua."

"Hujajibu," sauti ilitoka nyuma. "Tuambie nani alikudanganya."

"Hakuna aliyenidanganya. Aliyesema nanyi ni mimi."

Mtu mmoja akacheka, kisha wachache, kisha wengi zaidi, na hakikuwa kicheko cha upole. Walikuwa wanamcheka yeye hasa. Akakiacha kipite. Na kicheko kilipokuwa kinaisha, kiti kiliburutwa kwenye ncha ya meza, na Mhandisi akasimama, urefu wake wote. Hakuna aliyemwita. Hata Msemaji alishangaa.

"Mimi ndiye niliyefungua valvu," Mhandisi alisema. "Ilitakiwa kufunguliwa polepole. Nilikuwa na haraka, nikafungua yote." Akafikiri kama kuna la kuongeza. "Kwa mkono wangu huu."

Akakaa. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema ofisini mwezi mzima.

Msije mkadhani kwamba watu walipiga makofi. Waliwasema wote wawili, kwa zamu na kwa pamoja, mpaka spika za kukodi zikaanza kukoroma. Mzee mmoja aliinywesha meza chupa yake nzima. Lakini maswali yalikuwa yamebadilika. Hakuna aliyeuliza tena ni nani. Waliuliza wachemshe kwa muda gani, waoshe watoto au wasioshe, mtaa gani unasafishwa kesho, na Msemaji alipokuwa hajui alimgeukia Mhandisi, na Mhandisi akageuka. Swali moja tu liliwapita wote wawili. Msusi aliuliza yataisha lini. Msemaji alisikia ndani yake tarehe nzuri, ya karibu, yenye kupendeza masikioni, ikigonga mlango itoke.

"Sijui," alisema. "Keshokutwa nitakuja saluni kwako nikwambie tulipofika. Inawezekana nikaja kukwambia bado sijui."

"Njoo na maji yako," msusi alimjibu, na safari hii kicheko kilikuwa na joto kidogo.

Nje, kwenye maegesho, Mkurugenzi alimsimamisha. Tai ilikuwa mahali pasipoeleweka, si shingoni wala si sikioni. Alisema kwamba miaka yote aliyoongoza hajawahi kuwaona watumishi wake wawili wakijianika hadharani namna ile, na kwamba hajui kama ameokolewa au amechomwa. Wale wa suti walikuwa wameshamuaga. Mkubwa wao alimwambia kwa adabu kwamba wao kazi yao ni kung'arisha, na hapa hawaoni tena sehemu ya kushikia kitambaa, labda mwakani.

"Kwa hiyo utabaki," Mkurugenzi alisema, kama mtu anayetangaza mafua. "Mpaka mabomba yasafike. Halafu tutaona."

Msemaji alishukuru. Kisha, kwa kuwa siku hiyo alikuwa amekwisha kuharibu adabu, aliomba jambo moja. Aliomba awe anakaa kwenye kikao cha mafundi cha kila Jumatatu. Mkurugenzi alimuuliza atafanya nini huko, na yeye hajui hata bomba linashikwa upande gani. Msemaji akasema atasikiliza, na pengine atapiga kelele kidogo. Mkurugenzi aliingia ndani ya gari bila kujibu, jambo ambalo kwa mtu yule lilikuwa ndiyo.

Jumatatu chumba cha mafundi hakikuwa na kiti chake. Kilikuwa na benchi mbili, harufu ya grisi, na ramani ya mji iliyoshikiliwa ukutani kwa misumari. Mafundi walimtazama shati lake kama wanaomwonea huruma. Mhandisi alisogea kidogo kwenye benchi, akampa nafasi ya nusu mtu, na Msemaji akakaa nusu mtu.

Jambo la kwanza alilolisikia lilikuwa baya. Ili kusafisha upande wa sokoni, ingebidi maji yafungwe kabisa huko, huenda Alhamisi, huenda Ijumaa, itategemea na kipuri kimoja ambacho hakijafika. Msemaji alinyanyuka palepale akachukua koti.

"Unaenda wapi?" Mhandisi aliuliza. "Bado hatuna hakika."

"Redioni, kisha saluni kwa msusi."

"Nimesema hatuna hakika."

"Nimesikia," Msemaji alisema, akivaa mkono mmoja wa koti. "Ndicho ninachokwenda kuwaambia: huenda Alhamisi, huenda Ijumaa, hamna hakika kwa sababu ya kipuri. Wajaze ndoo mapema. Kipuri chenyewe kinaitwaje?"

Mhandisi akamwambia. Msemaji akarudia vibaya, mafundi wakacheka, akarudia tena mpaka akalipata jina. Kisha Mhandisi, bila kuulizwa, akamfuata mpaka mlangoni na kumwambia maneno mawili ambayo mtu wa maneno ya mgao hatoi ovyo.

"Nisubiri. Twende."